Maswali na Majibu: Ushirika na Ushirikina

*Mhubiri mmoja huku kwetu anasema ushirika na ushirikina ni kitu kimoja. Tuna kikundi cha kuweka na kukopa, wenzangu wameanza kuogopa. (Mama wa Tandika)*

Ni ndugu wa mzizi mmoja, mama, ila maana zao ziliachana zamani. Kwenye Kiarabu mzizi sh-r-k ni kuwa na fungu pamoja na mwenzako. Huko tumepata shiriki, shirika na ushirika. Kumpa Mungu mshirika ndiyo shirki, na wafanyao hivyo huitwa mushrikina. Sikio la Mswahili likaisikia ile mu- kama m- ya mtu, likazaa mshirikina, kisha ushirikina, ambao leo umebeba hirizi na ramli zote. Kosa hapo ni kumshirikisha Mungu na wengine. Watu kuchangiana hakumo kabisa. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda KNCU, chama chao cha ushirika, mwaka 1933 walitaka bei nzuri tu, na Walutheri wa kanisa la Azania Front huita kusanyiko lao usharika. Waambie wenzako waendelee kuweka, na daftari lisomwe mbele ya wote.

*Bosi wetu hapa Posta kila kikao anadai "sinaji". Kiswahili chake? (Karani)*

Ni "synergy" ya Kiingereza, na asili yake ni Kigiriki: syn, pamoja, ergon, kazi. Paulo alilitumia kwa Wakorintho, na Biblia yetu ikaandika "wafanya kazi pamoja". Ofisini linadai zaidi: wawili wakiungana wapate zaidi kuliko jumla ya kila mmoja peke yake. Mimi husema nguvu ya pamoja. Wanaosukuma mashua ufukweni wanaijua: mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na wote wanasukuma kwa pigo moja.

*Shuleni ujima ni mfumo wa kale. Dada yangu aliye Marekani anasema ni siku ya sherehe. Nani mkweli? (Mwanafunzi, Mbagala)*

Wote wawili. Maulana Karenga, Mmarekani mweusi, alipoanzisha Kwanzaa, sherehe ya siku saba ya Wamarekani weusi, mwaka 1966 aliipa ujima siku ya tatu. Lakini neno lilizaliwa shambani: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Inaniuma vijana wakilijua kama jina la enzi iliyokufa, wakati mtaani kwao wanawake bado wanapikiana msibani kwa zamu.

*Na msaragambo? (Msomaji, Ubungo)*

Ni wa Upare na Usambara: kijiji kizima kinatoka kuchimba mfereji au kutengeneza barabara. Utumie bila wasiwasi.