ULIZA FUNDI: Ninunue mashine, au niendelee na randa ya mkono?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa miaka 27, seremala hapa Morogoro. Nilipomaliza VETA nilipanga kibanda, nafanya kazi na msaidizi mmoja. Natengeneza zaidi vitanda vya mninga vya tano kwa sita. Kwa mwezi natoa vitatu, nikijitahidi vinne. Mbao napeleka mashineni zikapasuliwe na kurandwa, 1,500 kwa kila mbao, na kitanda kimoja kinakula mbao kama 10. Kazi inayobaki naimaliza kwa mkono. Nina akiba ya milioni 3, na nimepata mashine ya mtumba inayopasua na kuranda kwa bei hiyohiyo. Wenzangu wanasema bila mashine sitatoka. Baba mkwe, ambaye naye ni seremala, anasema mashine zimeua ufundi. Nimsikilize nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa akiba. Nimefurahi umeniandikia na hesabu zako, kwa sababu wengi wanaoniuliza swali hili huja na hamu ya mashine tu. Hao wote wawili waweke pembeni kwanza, tushike kalamu.

Vitanda vinne kwa mbao 10 ni mbao 40. Kwa 1,500 kila moja, ni 60,000 kwa mwezi, tena huo ni mwezi uliojitahidi. Weka na nauli ya guta juu yake, bado haifiki mbali. Hiyo ndiyo pesa ambayo mashine itakuokolea. Gawa milioni 3 kwa 60,000: miezi 50. Miaka minne na ushee ndipo mashine irudishe bei yake, na hapo sijagusa LUKU, kunoa visu, beringi, mikanda, wala siku ambazo umeme umekatika nawe una oda ya harusi. Uliza pia inataka umeme gani. Nyingi za namna hiyo zinataka fezi tatu, ule umeme wa mashine kubwa, na kibanda cha kupanga kwa kawaida kina fezi moja, ule wa nyumbani. Kuvuta laini nyingine ni gharama, na siku mwenye nyumba akikutoa, laini inabaki kwake.

Yule wa mashineni anapata faida kwa sababu anarandia mafundi wa mtaa mzima. Hiyo ni biashara yake, nayo ni biashara nzuri. Ukifika vitanda 15 kwa mwezi, mashine hiyo itajilipa kwa mwaka na kidogo. Hapo niandikie tena, nitakuambia nunua. Au kama mtaani kwenu hakuna mashine na mafundi wenzako wako tayari kukuletea mbao zao, nunua, lakini ujue umefungua biashara ya pili, na itakula muda wa ile ya kwanza.

Sasa baba mkwe. Mheshimu, ila kwa hili simuungi mkono. Mimi nilifundishwa na mjomba wangu Ngamiani, Tanga, tukipasua ubao wa mkongo wa inchi mbili kwa msumeno wa mkono, mmoja huku mwingine kule. Ni kazi ya kutesa bega, na ubao ukitoka umepinda njia unauranda upya. Mteja hakulipi hata shilingi kwa jasho hilo, kwa sababu halioni popote kwenye kitanda. Leo niko Keko, Dar es Salaam, na kila ubao wangu unapita mashineni kwanza. Sioni haya kulisema.

Mkono unalipa baada ya hapo, na hapo ndipo naona vijana wanaharakisha. Chukua mfumbati, ule ubao wa ubavuni mwa kitanda, uliotoka mashineni, uinamie usawa wa jicho, mwanga wa dirisha uje kwa ubavu. Utaona mawimbi madogomadogo yamekatiza ubao, alama za visu vinavyozunguka. Ubao ukiwa mkavu bila rangi hayaonekani sana. Ukipiga vanishi, yanasimama yote, na msasa peke yake huyapunguza bila kuyamaliza. Randa ya mkono iliyonolewa vizuri, ukiipeleka kwa pumzi moja toka mwanzo hadi mwisho, inatoa maranda membamba ya kupitisha mwanga, na ubao unabaki umelala kabisa. Mahali nyuzi za mti zinapogeuka, randa itanyofoa; hapo tumia kipande cha bati la msumeno wa zamani ulichokinoa ukingo, ukwarue taratibu. Mninga uliofanyiwa hivyo unahitaji vanishi kidogo tu, na mteja akipitisha kiganja haulizi tena kwa nini bei yako imezidi ya jirani.

Kisha maungio. Watu wetu ni wapangaji, wanahama, na kitanda kinafunguliwa na kufungwa mara nyingi. Ulimi wa mfumbati ukiingia kwenye tundu la tendegu, yaani mguu wa kitanda, kwa kubana, bila kulegea na bila kugongwa kwa nguvu, kitanda kinahama mara kumi na hakipigi kelele usiku. Tundu litoboe kwa drili kupunguza kazi, kisha kuta zake zisawazishe kwa patasi. Ulimi ukate ukiwa umezidi kidogo, halafu uupunguze kwa kujaribisha tundu lake, kila tendegu na mfumbati wake, uvipe namba kwa penseli. Huo ndio ufundi ambao mkweo anaulilia, na anaulilia kwa haki.

Hiyo milioni 3 ningeielekeza kwenye mbao. Fundi anayenunua mbao mbichi leo na kuuza kitanda mwezi ujao anauza nyufa. Mninga una tabia njema: unakauka polepole lakini haupindi ovyo, na ukishakauka hausinyai sana. Nunua wenye hati halali ya kusafirishia kutoka Wakala wa Misitu, TFS, usije ukakamatiwa mzigo njiani. Upange kivulini, juu ya matofali, vijiti katikati ya kila safu, ncha uzipake rangi zisipasuke, uuache miezi. Fundi mwenye mbao kavu stoo anaweza kuahidi tarehe, na anaweza kupanga bei. Inayobaki nunua drili nzuri, ruta ndogo ya kuchimbia mbao na patasi za chuma cha kweli. Drili na ruta vinatumia umeme wa kawaida, na ukihama vyote unavibeba.

Ukija kupata oda ya mvule, mwambie yule wa mashineni mapema. Mvule huwa na mawe ndani, chokaa ya mti iliyoganda, na kisu kikikutana nayo kinapata pengo. Unga wake nao unawasha ngozi na kubana kifua. Na vumbi la mbao yoyote si la kudharau: tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Wewe na msaidizi wako vaeni barakoa, hata mnapopiga msasa tu.

Kuhusu mkopo, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ina fungu la vijana la asilimia 4, ila hutolewa kwa vikundi. Mkiwa mafundi kadhaa mnaoaminiana, mashine ya pamoja inaweza kupatikana kwa njia hiyo, na hapo mbao 40 zako zitaungana na za wenzako.

SWALI: Assalaam alaykum. Nachonga milango na masanduku, Unguja. Siku hizi mashine ya kompyuta inachonga mlango mzima kwa muda mfupi. Mteja mmoja ameniletea picha ya mlango huo, anataka nimchongee kwa bei ile. Nishuke?
Mchongaji, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Usishuke. Ukishuka utachonga kwa haraka ya mashine, na kazi yako itaharibika bila kufikia kasi yake.

Mwite mteja karakana, umwekee vipande viwili mezani, cha mashine na chako. Mwambie aingize kidole kwenye pembe za ndani za ua la nakshi. Ncha ya mashine inazunguka, kwa hiyo mara nyingi pembe ya ndani inabaki mviringo na chini kunakuwa bapa, kina kimoja kila mahali. Patasi yako inaingia hadi kwenye kona, inalaza jani upande mmoja na kulizamisha upande wa pili, na kivuli kinakaa ndani. Muoneshe hasa kwenye mfaa, ule mti wa wima wa katikati ya mlango, maana ndio unaotazamwa na kila anayesimama mlangoni.

Akiona tofauti na bado hela yake ni ya mashine, mpe kazi ya kati: fremu na mabamba yenye nakshi rahisi ya mnyororo yapite mashineni, mfaa na kizingiti cha juu uchonge wewe. Lakini kwenye risiti andika wazi kipi ni cha mashine na kipi ni cha mkono. Kuna wanaouza cha mashine kwa jina la mkono, na wanaoumia ni nyinyi wachongaji, kwa sababu mnunuzi akishadanganywa mara moja haamini tena mlango wa mtu yeyote. Piga picha kila hatua ukichonga, umkabidhi pamoja na mlango.