Kabla Hujalipa Ada ya Kozi ya Mtandaoni, Panga Bando na Watu wa Nyumbani

Tangu nianze kusoma shahada kwa njia ya mtandao huku nikiendelea kufundisha shule ya msingi hapa Rungwe, walimu wenzangu wananiuliza swali lile lile: "Mwalimu, ada shilingi ngapi?" Ada haina siri. Imeandikwa, inalipwa kwa awamu, na risiti unapata. Kinachowakwamisha wengi ni mambo ambayo hayapo kwenye fomu ya kujiunga: bando, umeme, na watu unaoishi nao.

Faida zipo, na siyo za kubabaisha. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, wakati ambapo hata simu ya mezani ilikuwa kitu cha wachache. Leo mtu wa Tukuyu, mji wetu hapa Rungwe, hahitaji kusafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam, kupanga chumba na kuuaga mshahara wake. Migomba yangu bado naihudumia mwenyewe, watoto wanalala kwao. Kwa mama mwenye familia, hilo la mwisho linatosha kabisa. Kuna na raha nyingine ambayo mwanafunzi wa bwenini haipati: jioni nasoma mbinu ya kumsaidia mtoto anayechelewa kusoma, kesho yake asubuhi naijaribu darasa la pili. Ikigoma, naijua kabla hata mhadhiri hajamaliza mada.

Sasa bando. Saa moja ya darasa la moja kwa moja lenye video inaweza kula MB mia kadhaa, wakati mwingine GB nzima ikaondoka. Mtu akifuata ratiba hiyo kila wiki bila kujipanga, bando litamshinda kabla ya ada. Ninachofanya ni hiki: vifurushi vya usiku huwa na MB nyingi kwa pesa kidogo, kwa hiyo napakua kila kitu usiku na kusoma mchana data ikiwa imezimwa. Video ya mhadhiri anayeongea tu naishusha hadi ubora wa chini kabisa, 144p. Sura yake sihitaji, nahitaji sauti. Kwenye darasa la moja kwa moja nazima kamera yangu na, ikiwezekana, video zinazoingia pia. Notsi ndefu za PDF napeleka steshenari wanichapishie, kwa sababu kusoma kurasa arobaini kwenye kioo cha simu ni kujitafutia miwani.

Na huku kwetu kuna mvua. Anayeijua Tukuyu hahitaji kusimuliwa. Umeme ukikatika na kukawia, hata mnara wa simu unaishiwa betri, mtandao unakata kabisa. Kwa hiyo asaimenti usiipeleke siku ya mwisho. Ipeleke siku mbili kabla, kisha piga picha ya kioo inayoonyesha imepokelewa, uitunze. Siku mfumo wa chuo ukisumbua, hiyo picha ndiyo itakayokusemea.

Kwa wanaosoma kozi za nje, angalieni saa. Ukiandikiwa mwisho ni 23:59 UTC (saa ya kimataifa), kwetu hiyo ni saa nane na dakika 59 usiku. Na Uingereza wanasogeza saa zao mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, sisi hatusogezi. Darasa la saa nane mchana London unalipata saa kumi na moja jioni mwezi Januari, lakini mwezi Julai ni saa kumi. Ukikaa na ratiba ya zamani, utaingia wenzako wanaagana.

Lililonisumbua kuliko yote lilikuwa nyumbani. Mtu akikuona na simu anajua umepumzika. Mama mkwe wangu, mtu mwema sana, alikuwa akipita anasema, "Mwanangu, hiyo simu haichoki?" na mara naitwa kupokea mgeni, mara kuonja chumvi. Sikubishana naye. Nilihamia mezani, nikafungua daftari kubwa na kalamu pembeni ya simu, na siku moja nikamwomba akae asikilize kipindi pamoja nami. Kilikuwa kinahusu malezi ya mtoto mdogo, akamkosoa mhadhiri mara mbili (na mara moja alikuwa sahihi). Siku hizi mgeni akija anamwambia, "Subiri, mwalimu yuko darasani." Daftari lina heshima yake. Litumie, na uwape watu wa nyumbani ratiba yako mapema.

Tafuta pia mwenzako wa karibu anayesoma kozi hiyo hiyo. Mimi nina mmoja Kiwira na mwingine Uyole. Tunatumiana maelezo ya sauti WhatsApp, ambayo hula bando kidogo tu, na tukipata Jumamosi tunakutana. Bila wao ningeacha takwimu zamani.

Kuhusu cheti: kama chuo ni cha nje, ulizia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kabla ya kulipa hata senti, siyo baada ya kuhitimu. Vyuo vya hapa ulizia mtihani unafanyikia wapi, maana vingi bado vinataka ufike kituoni, na nauli na malazi ni juu yako. Masomo ya maabara au ya kuhudumia wagonjwa mimi siyashauri kwa njia hii peke yake.

Simu inatosha kuanzia, ila kuandika utafiti kwa kidole gumba ni mateso. Ukienda Mwanjelwa, Mbeya mjini, kununua kompyuta iliyotumika, mwambie muuzaji aichomoe kwenye umeme, kisha uitumie hapo hapo nusu saa nzima uone betri. Akinuna, nenda duka linalofuata.