Oili ya Gari Lenye Dhamana Imwagwe Wapi?

Maswali ya wasomaji kuhusu magari

SWALI: Ndugu Mhariri, nilinunua gari jipya miezi kumi iliyopita, nalo lina dhamana ya miaka 3 au kilomita 100,000. Aliyeniuzia alinisisitizia kwamba siku nitakayomwaga oili mahali pengine popote pasipokuwa kwa wakala wao, dhamana itakuwa imekufa. Wakala huyo yuko mbali, nafasi kwake hupatikana baada ya wiki kadhaa, na gharama zake ni karibu maradufu ya zile za fundi ambaye amehudumia magari ya familia yetu kwa miaka mingi bila kutuangusha. Je, ni kweli kwamba sina pengine pa kwenda? Na kama ninapo, nitajuaje gereji ambayo haitaniharibia dhamana?
Mwenye gari jipya

JIBU: Ndugu msomaji, kauli uliyoambiwa ni ya kawaida sana mahali magari yanapouzwa, lakini kwa dhamana ya kawaida ya mtengenezaji mara nyingi haina uzito iliyopewa. Nchini Marekani, sheria ya dhamana ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kumlazimisha mnunuzi atumie huduma au kipuri cha chapa fulani ili dhamana iendelee kuwa hai, isipokuwa kama anamtolea huduma hiyo bure au amepewa ruhusa maalumu. Umoja wa Ulaya una kanuni za ushindani za sekta ya magari za mwaka 2010, ambazo muda wake umeongezwa hadi mwaka 2028, zinazofuata msingi huohuo. Nchini Afrika Kusini, miongozo ya Tume ya Ushindani iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021 inamruhusu mwenye gari kwenda kwa fundi amtakaye hata dhamana ikiwa bado inaendelea. Pale ambapo hakuna sheria ya namna hiyo, mwamuzi ni mkataba, yaani kile kijitabu cha dhamana ambacho wengi wetu hukiacha kwenye droo ya gari kikiwa bado ndani ya nailoni yake.

Kifungue leo. Tafuta mahali panapoeleza masharti ya sevisi, kisha usome kwa utulivu kama panadai kazi ifanywe «kwa kufuata ratiba na viwango vya mtengenezaji» au «na wakala aliyeidhinishwa». Maneno ya kwanza yanakuachia uhuru wa kuchagua gereji. Maneno ya pili yanakufunga, isipokuwa sheria ya nchi yako iwe imekufungua. Ukikuta ni yale ya kwanza na muuzaji bado anashikilia kauli yake, mwombe kwa heshima akuonyeshe kifungu hicho kwenye karatasi, au akuandikie alichokisema na kutia saini.

Uwe mwangalifu na jambo moja hapa, kwa kuwa ndipo watu wengi hujikwaa. Dhamana ya kiwandani inaweza kuwa na ndugu zake ambao masharti yao ni tofauti kabisa. Ipo dhamana ya nyongeza inayouzwa na kampuni nyingine, ambayo ni mkataba unaojitegemea na mara nyingi hutaja gereji zinazokubalika. Wapo pia watengenezaji wanaokuongezea mwaka mmoja wa dhamana kila unapofanya sevisi kwa wakala wao baada ya dhamana ya kwanza kumalizika. Hiyo ni zawadi yenye sharti, na ukienda kwingine umeikataa mwenyewe. Vilevile, ikiwa bei uliyolipia gari ilijumuisha sevisi kadhaa za bure, kwenda kumlipa mtu mwingine ni kutupa kitu ulichokwisha kukinunua.

Sasa tuseme umefunguliwa. Elewa kwanza jinsi dhamana inavyokataliwa, maana hapo ndipo utajua gereji ya kuchagua. Mota ya kupandisha kioo ikifa, oili haina lolote la kuhusika nayo, na mtengenezaji hana sababu ya kuuliza nani aliimwaga. Injini ikikwama, au turbo ikianza kutoa moshi, mambo hubadilika: watafungua kifuniko cha juu cha injini na kuangalia kama kuna tope jeusi lililoganda, watatoa chujio, huenda watapeleka sampuli ya oili maabara, kisha watakuomba kumbukumbu za sevisi. Kama uharibifu umetokana na oili isiyofaa, oili iliyopitiliza muda au kazi mbovu ya fundi, dhamana hailipi, hata sheria ikiwa upande wako. Hiyo haki ya kuchagua gereji haimfanyi mtengenezaji awajibike kwa makosa ya gereji uliyoichagua.

Nimewahi kuonyeshwa stakabadhi ya mtu aliyekuwa akidai injini. Ilikuwa na tarehe, jumla ya fedha, na maneno mawili: «oili, filta». Oili gani, lita ngapi, gari gani, kwenye kilomita ngapi, hakuna hata kimoja kilichoandikwa. Yule bwana alikuwa amefanya sevisi zake zote kwa wakati, na naamini alisema kweli, lakini karatasi yake ingeweza kuwa ya gari lolote lililopita siku ile. Alihangaika miezi mingi kwa ajili ya mistari minne ambayo ingeandikwa kwa dakika moja.

Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza cha gereji ni uandishi wake, kabla hata ya usafi wa sakafu. Mwulize fundi wenu wa familia kama yuko tayari kuandika kila mara namba ya chesisi, ambayo kwa magari ya kisasa huwa na tarakimu na herufi 17, kilomita zinazosomeka siku hiyo, tarehe, chapa na kiwango cha oili, idadi ya lita, na namba ya chujio. Akikubali bila kunung'unika, umepata mtu. Akikuambia kwamba mnaaminiana na hakuna haja ya karatasi, mheshimu kama rafiki lakini gari lipeleke kwingine hadi dhamana iishe, kwa sababu mtakayekuja kubishana naye siku ya madai si yeye.

Kigezo cha pili ni oili yenyewe. Kitabu cha gari lako hutaja mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Lipo lile la uzito, kama 0W-20 au 5W-30, ambalo huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi na ikiwa moto. Na kipo kiwango cha ubora, kama API SP kilichoanza mwaka 2020, viwango vya ACEA vya Ulaya, au kibali cha mtengenezaji mwenyewe, kama dexos cha General Motors au VW 504 00. Oili mbili zinaweza kuwa 5W-30 zote na bado moja isifae kabisa kwenye injini yako. Gari la dizeli lenye chujio la masizi kwenye ekzosi, kwa mfano, huhitaji oili inayoacha majivu machache, kwa sababu masizi huungua na kuondoka lakini majivu hubaki humo na kuliziba polepole. Zipo pia injini ambazo mkanda wake wa taimingi huzunguka ndani ya oili. Ukiweka oili isiyo yake, mkanda huanza kumeguka, na vipande vyake huenda kuziba chujio la pampu ya oili. Andika kiwango unachokitaka kwenye karatasi, kiendane neno kwa neno na kitabu, na uangalie lebo kabla chombo hakijafunguliwa. Gereji inayochota oili ya kila gari kwenye pipa moja lisilo na lebo haifai gari lenye dhamana.

Kigezo cha tatu ni mikono, na ningekuomba usimame karibu walau mara ya kwanza uone. Chujio la zamani likifunguliwa, wakati mwingine gasketi yake ya mpira hubaki imenata kwenye injini. Fundi mwenye haraka hufunga chujio jipya juu yake, gasketi mbili zikakaa pamoja, na oili yote ikaruka nje gari likiwa barabarani. Fundi mzuri hupitisha kidole na kitambaa mahali pale, hupaka oili kidogo kwenye gasketi mpya, hufunga kwa mkono hadi iguse, kisha huongeza mzunguko kwa kadiri iliyoandikwa kwenye chujio. Mtazame pia anapofunga boliti ya kumwagia oili. Sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, siku hizi mara nyingi ni ya aluminiamu, na ukikaza kwa nguvu zote meno yake huliwa. Atumie spana ya kupimia nguvu, na abadilishe ile washa ndogo ambayo bei yake ni kama hakuna. Mwisho aruhusu injini izunguke, aizime, asubiri dakika chache, apime kwa stiki. Oili ikizidi alama ya juu si heri: kranki, ule mhimili unaozunguka chini ndani ya injini, huichapa, ikatoa povu, na povu halilainishi vyuma.

Baada ya yote hayo, ungeniuliza mimi ningefanyaje, ningempelekea wakala sevisi ya kwanza na ile ya mwisho kabla dhamana haijaisha, kisha za katikati nimpe fundi wenu akitimiza masharti. Ile ya kwanza hukuwezesha kuona jinsi kazi inavyofanywa na kuandikwa. Ile ya mwisho huwapa nafasi ya kukuta uvujaji mdogo au mlio usio wa kawaida wakati gharama bado ni yao, nawe uombe waandike kila walichokiona.

SWALI: Ninamwaga oili mwenyewe nyumbani na ninafurahia kazi hiyo. Je, nimevunja dhamana?
Fundi wa nyumbani

JIBU: Ikiwa kijitabu chako kinadai tu kwamba ratiba na viwango vifuatwe, hujavunja chochote, ila mzigo wa kuthibitisha unakuwa mkubwa zaidi kwa sababu huna stakabadhi ya kazi. Hifadhi risiti za oili na chujio zikiwa na tarehe, piga picha ya kilomita kwenye dashibodi siku hiyohiyo, piga picha ya lebo ya oili na namba ya chujio, kisha andika yote kwenye daftari moja linalokaa na kitabu cha gari. Risiti nyingi za karatasi hufifia baada ya mwaka, hivyo zitolee nakala mapema. Oili uliyoimwaga irudishe kwenye chombo chenye kifuniko na uipeleke panapopokelewa oili chakavu. Isimwagwe ardhini wala kwenye mtaro.

SWALI: Wakala amenipa nafasi baada ya wiki tatu, na gari limeshafika kilomita za sevisi. Nisubiri?
Mwenye safari nyingi

JIBU: Usisubiri ukiendelea kuendesha kama kawaida. Ratiba husema kilomita kadhaa au miezi kadhaa, kinachotangulia ndicho kinachohesabika, na kuchelewa ni sababu iliyo rahisi zaidi kutumiwa dhidi yako kuliko kwenda gereji nyingine. Waandikie ujumbe siku hiyohiyo ukieleza kilomita ulizofikia na tarehe waliyokupa, uhifadhi jibu lao. Kama mkataba haukufungi, mwaga oili mahali panapofaa sasa. Kama unakufunga, waombe wakuandikie kwamba wanaikubali siku hiyo ya kuchelewa.

Soma pia kama kitabu kina ratiba ya pili ya matumizi magumu. Vumbi, kuvuta tela, foleni ndefu, na safari fupi ambazo injini haipati joto vyote huchosha oili mapema. Katika safari fupi, petroli kidogo na maji hujichanganya na oili bila kupata nafasi ya kuvukizwa, kwa hiyo gari lisilotoka mbali linaweza kuhitaji oili mpya likiwa na kilomita chache sana. Wengi wetu tumo kwenye ratiba hiyo ya pili tukidhani tumo kwenye ya kwanza.

SWALI: Tangu nianze kwenda gereji ya kawaida, wakala ananiambia hatanifanyia marekebisho ambayo kampuni imewaitia wenye magari kama langu. Ana haki hiyo?
Mwenye barua ya kuitwa

JIBU: Ndugu yangu, marekebisho hayo ya usalama yanatokana na kasoro ya kiwanda, nayo hufanywa bila malipo hata kama oili yako hawajawahi kuigusa, mambo hayo mawili hayana uhusiano. Mpelekee barua uliyopokea pamoja na namba ya chesisi, mwombe akatae kwa maandishi, kisha uiandikie kampuni iliyotengeneza gari moja kwa moja na kuambatanisha maandishi hayo. Kama barua inataja breki, usukani au mfuko wa hewa, punguza matumizi ya gari hadi kazi ifanyike, na usimruhusu mtoto au mgeni kukaa kwenye kiti kilichotajwa.