Projekta ikizima yenyewe, usikimbilie mpya

Dada, pole. Umesema inawaka vizuri, ikifika robo saa inazima yenyewe, na fundi amekwambia ununue nyingine. Mimi nisingenunua bado. Kuzima namna hiyo mara nyingi ni joto: feni imechoka au kichujio cha hewa kimeziba, mashine inajikinga isiungue.

Yangu hapa Raskazone, Tanga, ilifanya hivyo hivyo. Nilipochomoa kichujio nilikuta vumbi limeshikana kama sufi ya mto, lina unyevunyevu wa upepo wa bahari. Nikaiacha ipoe kabisa, waya nje, nikapitisha brashi laini taratibu. Jioni ile tukaangalia mpira mpaka dakika za nyongeza. Feni nayo ikigoma, fundi wa redio mzuri pale Ngamiani anaibadilisha.

Kama ni ya taa ya balbu, ingia kwenye menyu utazame saa ilizowaka. Balbu nyingi huishi kama saa 3,000 hadi 5,000, kisha picha hufifia. Uliza bei ya balbu kabla hujaamua. Ikizidi nusu ya bei ya projekta mpya, hapo mimi naachana nayo.

Ila ukiona vidoti vyeupe vinaongezeka kila wiki, na projekta ni ya DLP, yaani aina inayotoa picha kwa vioo vidogo sana vya kwenye chipu, basi vioo hivyo vimekwama. Hapo usimpe fundi hela yako. Tuambie kwanza: feni unaisikia ikizunguka?