Nani ahariri, nani atazame: maswali yenu kuhusu faili za Google

Shikamoo kaka. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Jedwali la michango liko Google Sheets na kiungo nilikituma kwenye grupu la WhatsApp. Juzi nimekuta mchango wa mama mmoja, 50,000, unasomeka 5,000. Nani kaiba?

Marahaba dada. Huenda hakuna aliyeiba. Ukimpa "yeyote mwenye kiungo" ruhusa ya kuhariri, umeligawia grupu zima kalamu. Mtu analisogeza jedwali kwenye simu, kidole kinagusa kisanduku, sifuri moja inafutika, na mabadiliko yanajihifadhi papo hapo. Kaa kwenye kompyuta, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kisanduku hicho, ufungue historia ya mabadiliko: utaona tarakimu ya awali. Sahihisha kisanduku hicho tu. Ukirudisha toleo zima la zamani, michango iliyoingizwa baadaye itaondoka nayo. Kisha kiungo kiwe cha kutazama tu. Wewe na katibu muongezwe kwa barua pepe kama wahariri. Na mwambie yule mama kabla hajasikia kwa wengine.

Ofisini kwetu karani huandaa barua, mhasibu hukagua, mkurugenzi huidhinisha. Sote ni wahariri. Ni sawa?

Si sawa, na hapa ndipo ofisi nyingi hukosea: ruhusa hugawanywa kwa kuangalia cheo. Angalia kazi ya kila mmoja. Karani awe mhariri. Mhasibu anatosha kuwa mtoa maoni, kwani kwenye Google Docs anaweza kupendekeza marekebisho na karani akayakubali au kuyakataa, kila kitu kikionekana. Mkurugenzi naye vivyo hivyo. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo tarehe ya malipo ilibadilishwa baada ya barua kukaguliwa. Ilipotoka, mhasibu ndiye aliyeulizwa, naye hakuwa ameigusa. Iliniuma. Kwa hiyo barua ikishaidhinishwa, mshushe karani awe mtazamaji siku hiyohiyo. Jambo lingine: mhariri anaweza kuwaalika wengine bila kukuuliza. Mwenye faili afungue mipangilio ya kushiriki na aondoe alama kwenye ruhusa hiyo.

Nimemwondoa mfanyakazi wa zamani kwenye orodha, lakini bado anafungua faili.

Kiungo kiko wazi kwa kila mtu, au jina lake limebaki kwenye folda iliyobeba faili hilo. Kagua vyote viwili.

Mimi ni mtaaluma. Nataka kila mwalimu ajaze alama za somo lake tu.

Kwenye menyu ya Data kuna sehemu ya kulinda jedwali na visanduku. Chagua safu ya Hisabati, mruhusu mwalimu wa Hisabati peke yake, kisha endelea na masomo mengine. Ila ulinzi huu unazuia kuandika, hauzuii kusoma. Hata ukificha ukurasa, mhariri anaweza kuufichua. Taarifa za siri za wanafunzi ziweke kwenye faili lake pekee. Na ukipangiwa shule nyingine, hamisha umiliki mapema: kwenye akaunti binafsi, anayepokea lazima akubali mwaliko kwanza, na akaunti yako ikifutwa, faili unazozimiliki zinaondoka nayo.