Kabla hujanunua dola kongwe ya Marekani

Ukitaka kukusanya sarafu za fedha za Marekani za miaka ya mwanzo, dola iache kwanza. Anza na nusu dola za 1807 hadi 1836, zile zenye Bibi Uhuru mwenye kofia, kazi ya mchongaji John Reich. Kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilipoacha kupiga dola mwaka 1804, nusu dola ndiyo ikawa sarafu kubwa ya fedha. Mabenki yakazihifadhi mifukoni kama akiba, na nyingi zimetufikia bila kuchakaa sana.

Mihuri ya kuzipigia ilimaliziwa kwa mkono, nyota na tarakimu zikigongwa moja moja, hivyo sarafu mbili za mwaka mmoja zaweza kutofautiana. Mtaalamu wa sarafu Al Overton aliziorodhesha tofauti hizo kwa namba, ndiyo maana utawasikia wakusanyaji wakongwe wakitaja O-101, O ikiwa ni ya Overton, kama vile wanataja jina la jirani. Mwanzoni utaona ni wazimu. Wewe endelea kutazama, maana jicho hunolewa hapo hapo.

Nunua mizani ya sonara. Nusu dola hizo zilipigwa kwa gramu 13.48, na dola za 1794 hadi 1803 kwa gramu 26.96. Iliyotumika sana hupungua kidogo. Iliyopungua gramu mbili huku inang'aa kama ya jana, mrudishie mwenyewe. Kisha itazame ubavu. Dola ya kweli ina maneno HUNDRED CENTS ONE DOLLAR OR UNIT yamechapwa kuizunguka, na wabandia wengi huteleza hapo.

Kuna mikwaruzo ambayo si kasoro. Kisahani cha fedha kilichozidi uzito kilipunguzwa kwa tupa kabla ya kupigwa muhuri, na alama za tupa hubaki pale muhuri haukukandamiza sawasawa. Vivyo hivyo dola za 1794, zilizotolewa 1,758 tu: nyingi zina nyota hafifu upande wa kushoto, kwa kuwa mihuri haikukaa sambamba na mashine haikuwa na nguvu ya kutosha. Usimlaumu muuzaji kwa hilo.

Ukiuziwa dola ya 1804, hata mizani usiitoe. Za kwanza zenye mwaka huo zilipigwa miaka 30 baadaye, ziwe zawadi za kidiplomasia. Moja alipelekewa Seyyid Said, sultani wa Muscat, yule yule aliyeitawala Zanzibar. Inayoaminika kuwa ni yake iliuzwa mnadani mwaka 1999 kwa zaidi ya dola milioni 4. Zilizopo zinafahamika moja moja, pamoja na mikono zilimopita. Haitazuka moja kwenye meza ya mchuuzi.

Usizisugue, iwe kwa majivu, dawa ya meno au limau. Weusi na rangi za ukale ndizo wanunuzi wanazozitafuta, na ukishazitoa hazirudi.

La mwisho ni matundu. Zamani watu walizitoboa sarafu wazivae shingoni, na baadaye mafundi wakayaziba matundu hayo kwa fedha. Pitisha lenzi karibu na ukingo, hasa juu ya kichwa, utafute duara ambalo herufi au nyota zake zimechongwa upya. Sarafu ya namna hiyo yafaa kabisa kujifunzia, ilimradi muuzaji amekiri kwamba imezibwa na bei inalingana na hali yake.