Ile mukono ya upande balikata titi, usiiache ilale

Bamama na badada, leo nataka tuongee juu ya mukono. Titi tulishaongea sana. Miye mukono njo ilinitesa kupita hata operesheni yenyewe, na hakuna mutu aliniambia mapema.

Niko wa hapa Bukavu, Kadutu. Kanseri ilinishika titi ya kushoto, balitoa titi pamoja na tezi za kwapani, kisha shimio, zile dawa kali za kuua kanseri, kisha rayo, ile miale ya kuchoma kanseri, nikaenda kuzifanyia Kigali. Siku ya kutoka lopitali, munganga mumoja akaniambia mbele ya bwana yangu: mama, hii mukono kuanzia leo haibebe kitu, maisha yote. Basi nyumbani bote bakaishika ile neno kama sheria, yaya yangu akahamia kwangu, batoto banachota maji, banafua, banapika, miye paka kukaa ku kiti na mukono juu ya muto. Balifanya kwa upendo, sibalaumu hata kidogo. Lakini kisha miezi tatu sikuweza tena kufunga kitambala ku kichwa, na ile wakati shimio ilishamaliza nywele zote, kitambala njo nilikuwa naitaka kupita kila kitu. Bega ilikauka. Kwapani kulikuwa kitu kama kamba ya gitare, ukinyoosha mukono inavuta mpaka ku kiwiko.

Aliyenisaidia ni mama mumoja wa kine, benye banafundishaka bagonjwa mazoezi ya mwili. Alipapasa ile kamba na kidole, akaniambia hii si kanseri inarudi, inafikaka kwa bamama mingi kisha kutolewa tezi, tutainyoosha pole pole. Akanisimamisha mbele ya ukuta, vidole vipande juu kimoja kimoja kama vile buibui anapanda. Tukatia alama na kipande ya makala. Siku ya kwanza alama ilifika paka ku kidevu changu, nikalia. Kila asubuhi kisha kuoga maji ya moto nilirudilia mara tano, kisha mara kumi, napanda mpaka inavuta, nahema, nahesabu kumi, nashuka. Ikivuta ni sawa, ikichoma kama kisu unaacha. Kisha wiki sita hivi alama ikanipita kichwa, na siku ile nilijifungia kitambala peke yangu mbele ya kioo, yaya yangu akasimama ku mulango bila kusema kitu.

Sasa mambo ya uzito. Ile katazo ya munganga haikutoka hewani. Tezi za kwapani zinasaidiaka maji ya mwili kurudi kifuani, zikitolewa maji yanaweza kubakia ndani ya mukono na mukono inavimba, na ikishavimba kuishusha ni kazi ya miaka. Kwa hiyo zamani baliogopa. Lakini kule Vancouver, Canada, mwaka 1996 munganga Don McKenzie alitia bamama 24 walitoka mu kanseri ya titi ndani ya mutumbwi murefu, bapige kasia, na hakuna mukono mupya ulivimba, na zenye zilikuwa zimeshavimba hazikuzidi. Na mwaka 2009 kule Marekani batafiti balitoa matokeo ya bamama 141 wenye mikono imeshavimba: benye balinyanyua vyuma mara mbili ku wiki, mwaka mzima, walianza na uzito kidogo sana na kupandisha pole pole, mikono yao haikuvimba kupita ya benzao, na hata zile siku za kuvimba kwa gafla zilipunguka. Niliposikia ile ya kasia nilibafikiria bavuvi wetu wa sambaza huku Kivu, kazi yote ile ya mabega.

Siri iko ku ile neno pole pole. Mwenye amekaa miezi mukono imelala, kisha siku moya anabeba bido ya litre 20 toka ku robine kupanda mulima, ule njo anajiumiza. Miye sina vyuma, nilitumia chupa. Litre moya ya maji ni kilo moya, basi nilianza na chupa ya nusu litre, kuinyanyua mara kumi, napumzika, tena kumi, mara mbili ku wiki. Wiki mbili mukono ikiwa salama naongeza maji kidogo. Nikiugua ao nikisafiri nikaacha wiki kazaa, nashusha maji, sirudilie pale nilikuwa. Leo kisha mwaka na nusu nabeba bido ya litre 5 na ile mukono yenyewe.

Na miguu pia. Ile uchovu ya shimio, kulala haiimalize, nililala siku nzima nikaamuka nimechoka zaidi. Nilianza kutembea mpaka ku poto ya tatu ya umeme na kurudi. Wiki ilifuata, poto ya tano. Huku kwetu ni milima tupu, basi nilichagua saa kumi na mbili asubuhi, mbele pikipiki zianze kupita, na mvua ikinyesha natembelea ndani ya parsele ju matope ya Kadutu ikikuangusha unaangukia ile mukono. Lengo ni dakika 30, mara tatu ku wiki, unatembea unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Kwanza uliza munganga wako, usiruke hiyo. Kama ulipata ile dawa ya shimio ya rangi nyekundu, inaweza kugusa moyo. Kama kanseri ilifika ku mifupa, kuna mazoezi yanaweza kuvunja mufupa.

Nunua metre ya kushona, pima mukono zote mbili mahali pamoja kila mwezi, uandike ku kaye. Pete ikianza kubana, mukono ya nguo ikikaza upande moya, mukono ikisikia nzito, simamisha mazoezi ya chupa na uende ukaonyeshe munganga. Na ikigeuka nyekundu, ya moto, na homa, usingoje asubuhi, usipakae majani, enda lopitali ile ile siku, ju ni mikrobe imeingia na inakimbia.